Munyu

Maji yalikuwa yamekupwa. Mashua ikakwama kwenye tope la mikoko,
nami nikaingia Siyu kwa miguu, viatu kwapani,
matope hadi magotini kama soksi za shule.
Natoka Nyahururu, siku mbili njiani; begini kabichi tatu,
zawadi ya mtu asiyejua pwani hupelekwa nini.

Shangazi Mwanakheri akazipokea kama watoto wachanga,
akazilaza juu ya kitanda cha kamba.
"Umekuya," akasema.
Hakuuliza miaka kumi na moja nilikuwa wapi.
"Kaa hapo. Kuna nazi."

Basi nikakalia mbuzi.
Meno yake ya chuma yalinikumbuka kabla sijayakumbuka;
nazi ya kwanza niliikuna pamoja na ngozi ya kidole.
Yeye akakamua: tui zito kando, la kumalizia,
jepesi chunguni, la kuchemshia,
machicha kuku wakayawahi.
Tasi wanne walikuwa wamelala katika ndimu na pilipili mbuzi.
Uani mofa imeshawaka.
Akabandika mikate ukutani mwake kwa kiganja kitupu,
pa, pa, pa,
na moshi wa makumbi ukanipiga machoni
kama mtu anayenidai.

Kisha akainamia chungu. Hakunusa.
Akatega sikio.
"Likinong'ona, liwate. Likipiga kelele, limekatika."
Akachota kwa upawa, akauelekeza kwangu.
"Onda munyu."

Nikaonja. Nikasema uko sawa.
"Sawa ndiyo nini? Kama mai ya kisima cha msikitini
au kama ya mkondoni?"
Nikafumba macho, nikakitafuta kisima kile ulimini:
ndoo ya bati, kutu ya mpini,
maji yaliyokuwa na chumvi ya aibu, ya kujificha.
"Bado," nikasema. "Ya kisima ilizidi kidogo."
Akacheka. Akatia chembe kwa vidole vitatu.

Ndipo akaniambia, mgongo kanigeuzia,
kwamba tangu homa ya mwaka juzi
kila kitu kinywani ni karatasi.
Halua, karatasi. Ukwaju, karatasi.
Hajamwambia mtu; bado wanamwita kupikia harusi.
Hadi sasa amekuwa akimwonjesha Zulfa wa jirani
kwa ujira wa kashata,
lakini Zulfa ana miaka sita na anapenda chumvi kama mbuzi wa miguu minne,
na kwenye harusi ya kina Famau
wageni walimaliza tangi zima la maji
wakimsifu mpishi na kulaani joto.

Tulikula sinia moja, mkekani.
Nikamega mofa, nikachovya, mchuzi ukanichuruzika hadi kiwikoni.
Naye akamega, akatafuna polepole,
akinitazama mdomo.
"Nambie," akasema.

Mimi, niandikaye ripoti za mifugo
kwa Kiswahili kinachosifiwa ofisini,
nikakosa neno. Nikasema tamu. Akasubiri.
Nikasema: mwanzo inakuja ndimu,
halafu nazi inaikalisha chini,
halafu pilipili inapita mlango wa nyuma bila hodi,
na mwisho kabisa, karibu na koo,
kuna moshi.

"Moshi huo ni wa mamangu," akasema. "Mofa ni yake."
Akameza.
Sijui alimeza nini.

Nilikuwa nimepanga kuondoka Alhamisi.
Alfajiri, adhana bado,
nikasikia nazi ikipasuliwa kizingitini,
maji yake yakimwagika bakulini,
kisha nyayo, kisha mlango.
"Ulimi wangu," akaniita,
"amka. Mbaazi ziwivile."