Mahali pa Kikohozi

Kifurushi kilikaa siku tisa posta ya Tororo
kwa sababu karani hakujua akiandike nini.
Santuri, nikamwambia. "Nyimbo za nani?"
Si za mtu, ni za filamu.
"Na filamu yenyewe iko wapi?"
Haimo. Hiki ni kilichobaki ukiondoa picha.
Akanitazama kama mtu aliyenunua harufu ya pilau,
akapiga muhuri, akanitoza ushuru wa sufuria nzima.

Mimi hupima malori kiwandani. Saruji inanilisha,
lakini vumbi lake likiingia kwenye mifuo ya santuri
fidla zote zinapata mafua.
Kwa hiyo kwanza naoga. Nakata kucha.
Ndipo nampelekea Apolot habari, naye anampelekea Othieno,
na Jumamosi saa kumi, nyuma ya duka la cherehani,
hakuna anayemjulia mwenzake hali
kabla hajaliona jalada.

Mnunuzi hafungui peke yake, hiyo ndiyo sheria.
Nailoni huchanwa na yule ambaye mwezi huu hakupata kitu.
Othieno hunusa karatasi, hudai anajua ilikochapishwa;
hajapatia hata mara moja. Apolot, mkunga,
husoma majina ya wapigaji mmoja mmoja, kwa sauti,
kama anayeita foleni ya dawa:
tarumbeta ya pili, filimbi, yule wa pembetatu.
"Hata wa pembetatu ana mama," husema.

Wiki hii tulikuwa na mgeni.
Nilimwalika mimi: Ochwo, muuza betri na vitasa kando ya reli,
zamani mfasiri wa kibanda cha video,
aliyeketi gizani na kipaza sauti akitugeuzia
farasi, jangwa, busu, risasi,
akampa jambazi lafudhi ya Malaba
na bibi harusi maneno ambayo mwandishi hakuyaota.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.
Nyuma ya sauti yake kulikuwa na kitu kikipita,
kama treni usiku ng'ambo ya ukuta,
na mishahara yangu imekwisha nikiitafuta treni hiyo.

Sindano ikashuka.
Upande wa kwanza, wimbo wa tatu: mpanda farasi anarudi
bila mkono mmoja, mbwa wake hamtambui.
Picha hakuna. Ukuta tu, kalenda ya duka la mbegu,
sare za shule zinazosubiri vifungo.
Fidla nzito ikaanza chini kabisa,
kama mtu anayepapasa ufunguo gizani.
Ochwo akaweka kikombe.
"Haya," akasema, "yalikuwemo?"
Yalikuwemo.
"Nami nikaongea juu yake?"
Othieno alijifanya anatunga uzi.

Sasa niseme ninachokionea aibu.
Wimbo ulikuwa safi, kila ala kwenye kiti chake,
nami nikawa naungoja mwingine.
Ule nilioubeba kichwani miaka ishirini na sita,
nilioupigia mluzi malori yakipanda mizanini,
una kikohozi katikati:
pale mbwa anaponusa mkono mtupu wa shati,
fidla zinanyamaza kidogo, na Ochwo,
kifua kimejaa moshi wa jenereta,
alikohoa mara mbili kabla ya kusema,
"Ni mimi, Popi."

Wimbo ukafika pale. Fidla zikanyamaza.
Shimo. Pamefagiliwa, kama chumba cha mtu aliyehama.

Nikamwambia. Mbele ya wote, jalada jipya mkononi,
nusu ya mshahara wangu, nikasema: hapa pamepungua.
Apolot akacheka, kisha akaacha.
Othieno akainua sindano,
akairudisha nyuma upana wa kidole.

Fidla nzito. Ufunguo.
Ochwo ameketi wima, mikono magotini,
hamtazami mtu.
Mbwa anakaribia. Shati.
Fidla zinanyamaza.

Akakohoa mara mbili.