Chupa ya Kumi na Tisa

Nilikabidhiwa funguo mbili na daftari moja.
Ule wa maabara unang'aa, hutumika kila siku.
Ule wa stoo una kutu, na kutu yake ina harufu.
"Zimo kumi na nane," alisema Bwana Ntilampa
siku yake ya mwisho kazini, koti keshalivua.
Nikahesabu.
Kumi na tisa.

Kumi na nane zina majina kwa mwandiko wake,
herufi za mtu aliyefundishwa kwa fimbo:
Zebaki ya vipimajoto vilivyovunjika. Usifungue.
Formalini, ile ya mwaka wa samaki.
Kloroform, nusu. Nusu nyingine iulizeni hewa.
Ya kumi na tisa ni ya kahawia, shingo ndefu,
lebo imeliwa na mende, imebaki gundi
na tarehe isiyo na mwaka.

Kabla yangu palikuwa na sinki.
Sinki halikuwa na maswali. Ukimimina, linameza,
linacheua kidogo, linasema tayari.
Bomba linateremka nyuma ya mabweni,
linapita chini ya mchicha wa mama lishe,
na kutoka hapo tulikuwa tunasema: yamekwenda.

Yamekwenda wapi, Kigoma hii?
Hapa ni mwisho wa reli.
Ziwa nalo lina mlango mmoja mwembamba wa kutokea,
upande wa pili, Kongo,
na maji ya chini kabisa hayapandi juu kusalimia.
Kinachozama humo hakiendi. Kinahamia.
Kibirizi wanawake wameanika dagaa juu ya nyavu,
vipande vya fedha vyenye macho,
nami ninayewala kwa ugali wa muhogo
nilipita mbali kidogo, kama mwenye deni dukani.

Juzi Sadoki wa mwaka wa pili
alichanganya mabaki ya asidi ya nitriki na spiriti
katika chupa moja, akakikaza kizibo
kama mtu anayejiwekea soda ya kesho.
Saa nane usiku mlinzi akasikia mlio,
akadhani ni transfoma, akageukia upande wa pili.
Asubuhi dari ilikuwa imeota meno ya kioo.

Sadoki alisimama mlangoni, mikono kichwani.
Sikumgombeza. Nilimpa miwani, glavu, ndoo ya mchanga.
Nikamwambia: hizi dawa hazikuchukii, kijana,
hazikujui tu.
Wewe ndiye unayetakiwa kuzijua.

Siku tatu tukaandika lebo.
Asidi rafu yake, viyeyushi rafu yao, mbali na swichi.
Kila chupa na beseni lake chini, likitokea la kutokea.
Tulipofika kwa ile ya kahawia, Sadoki akauliza:
"Tuifungue, tuinuse?"
Nikamwona Ntilampa mzima mzima, na kikohozi chake
kilichomtangulia kila mlango kwa miaka ishirini.
Hapana, nikasema. Tusiinuse.

Tukaitazama shingoni kwa tochi, mbali, kama fuwele zipo.
Hatukuona. Hatukuamini pia.
Tukaizungushia mchanga ndani ya sanduku la mbao,
na Sadoki akaandika kwa kalamu nyekundu:
HAIJULIKANI. USITIKISE.
Hilo nalo ni jina.

Lori lenye kibali litatoka Dar es Salaam, barua inasema,
robo ijayo ya mwaka.
Barua ya robo iliyopita ilisema hivyohivyo.
Mkuu wa idara anauliza mbona stoo imejaa.
Namjibu imejaa kwa sababu ziwa halijajaa,
naye anatia sahihi, hacheki.

Wahenga walisema mali bila daftari
hupotea bila habari.
Laiti sumu nayo ingekuwa hivyo.
Sumu bila daftari haipotei,
hubaki bila habari.

Basi nimefungua ukurasa mpya.
Namba kumi na tisa. Ujazo, makisio. Mahali ilipo.
Nimeandika tarehe.
Na mwaka.

Sinki nimelifunga kwa waya.
Bado linakoroma likisikia hatua za mtu.