Maji ya Mvua

Msimamizi aliitupa pamoja na mashina makavu.
"Hiyo imekwisha, Naanjela," akasema,
nami saa ya kutoka nikaiokota, nikaifunga kwenye khanga
kama mtu anayeiba mtoto asiyelia.
Okidi. Majani manne, mazito kama ulimi wa ng'ombe,
mizizi inaning'inia nje, haitaki udongo.

Mavyaa akaishika, akaigeuza kama anayenunua kuku.
"Inaliwa?" Hailiwi.
"Inanukia?" Hainukii.
"Basi unaifuga ya nini?"

Sikuwa na jibu. Nikatoboa chupa kwa msumari wa moto,
nikaijaza makumbi ya nazi na chenga za mkaa,
nikaiweka dirisha la mashariki, ipate jua la asubuhi tu;
la mchana linaunguza.

Mwanzoni niliipenda vibaya: kila siku kikombe.
Mzizi mmoja ukaoza, ukanuka kama tambara la jikoni.
Nikajifunza kuacha. Siku saba, nane,
hadi mizizi ipauke kama majivu, ndipo nainywesha,
na maji yote yachuruzike, yaende zake.

Wala si maji ya bomba. Hapa kwetu Maji ya Chai
jina halikutungwa bure.
Tazama meno yangu: kahawia tangu darasa la pili,
na tangu hapo mkono wangu wa kushoto
hufika mdomoni kabla ya kicheko.
Kwa hiyo bati likianza kulia natoka na ndoo,
najaza dumu la njano, marufuku kufulia.
Watu wa nyumba hii wanakunywa ya bomba,
ua linakunywa ya mbinguni.
Mavyaa amelisema hilo hadi kanisani.

Miaka miwili. Jani moja. Jani jingine.
Mlima Meru ukajifunika, ukajifunua.
Julai, wakati wa ukungu ule unaoingia hadi kitandani,
kikachomoza kidole kwapani mwa jani.
Nikadhani ni mzizi.

Leo alfajiri limefunguka la kwanza:
jeupe, na katikati mdomo wazi,
na ndani ya mdomo madoa ya kahawia,
mengi, yametapakaa ovyo, bila haya.

Nikacheka. Siaeli akasikia ng'ambo ya michongoma,
akaja mbio, unga mikononi:
"Kuna nini? Nani amerudi?"

Nikamwonyesha, kwa mkono wa kushoto.