Tisa Fupi, Tisa Ndefu

Kazi yangu ni kuhesabu.
Jumamosi, ukungu ukingali umeulalia Menengai,
kabati la chuma hufunguka kwa funguo mbili,
moja yangu, moja ya Barng'etuny, koplo mstaafu,
nami nahesabu risasi za wenye vibali
jinsi mama alivyohesabu mayai kule Chavakali:
tatu tatu, midomo ikitikisika bila sauti.

Zipo tisa ndefu, zipo tisa fupi.
Upana ule ule, shaba ile ile,
kitakoni kiduara kama kitovu cha mtoto.
Zisimamishe mezani utaona:
fupi yamfikia ndefu begani,
mdogo mtu aliyevaa koti la kaka yake.
Zilaze chini, nuru ikiwa haba,
hata aliyezizaa hatazijua.

Asubuhi ile stima zilikuwa zimepotea.
Mfukoni nilikuwa na barua ya shule,
karo ya Kageha, muhula wa pili, wino mwekundu.
Makopo mawili ya siagi, vifuniko viwili.
Sisemi nilifanya nini.
Mkono ulifanya.

Daktari Odera, mng'oa meno wa Milimani,
alikuwa na bastola ya Kicheki,
nzito, nyeusi, isiyo na madoido,
miaka sita haijamwaibisha hata mara moja.
Akavuta.
Haikulia. Ilikohoa,
kama mdaiwa apigaye hodi kwa mdai wake.
Ganda likakwama, nusu ndani, nusu nje.
Akaling'oa kwa ukucha (kung'oa ni kazi yake).
Akavuta tena. Kikohozi. Ikakwama.
Mara ya nne akaitazama
kama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata.

Barng'etuny akachungulia mtutu: mweupe, hauna kitu.
"Springi," akasema mmoja.
"Uchafu."
"Chuma cha Ulaya hakiwezi vumbi la Nakuru,"
wakacheka, hukumu ikapita.
Shahidi alikuwa ameshika ufagio.

Jioni, nikizoa maganda, nikayakuta manne,
mafupi, yamevimba matumbo
kama mbuzi wanaokaribia kuzaa,
maana chumba kilikuwa kipana kuliko miili yao.
Manne. Niliyahesabu mara tano.
Matatu nikayazamisha katikati ya gunia.
Moja likaingia mfukoni,
likalala juu ya karo.

Ile bastola iliuzwa kwa bei ya baiskeli
kwa Jeptum wa Njoro, mama mwenye malori.
Huja nayo kila mwisho wa mwezi.
Hailalamiki. Ganda huruka kuume kama panzi,
na karatasi ya shabaha hutoboka pale pale, pale pale,
mpaka tundu linakuwa dirisha.
"Uliitengeneza wapi?" wakamuuliza.
"Sijaigusa. Hata mafuta nimechelewa kuipaka."
Koplo akatikisa kichwa: kumbe chuma nacho hutubu.
Mimi nikaandika daftarini:
risasi hamsini, zimepokelewa, sahihi.

Daktari alinunua ya Kiitaliano,
inang'aa kama jino la dhahabu.
Hiyo hukwama yenyewe,
bila msaada wangu.
Naye huisifu.

Siku hizi kila risasi naipima kidoleni:
fupi huishia kwenye mkunjo wa kwanza,
ndefu huuvuka. Stima ziwepo, zisiwepo.
Wanasema Mama Kageha anachelewesha foleni.
Nachelewesha.

Na usiku, upepo wa shimoni ukipanda,
ukitikisa mabati ya Kiamunyi,
nalitoa lile ganda, naliweka mdomoni, napuliza.
Mluzi wake ni mwembamba, hauna mwisho mzuri.
"Mama, filimbi ya nani hiyo?"
Lala, namwambia.
Kesho kuna shule.