Kugonga Matairi

Alfajiri Salgaa, ukungu haujapanda mlima,
madereva wanayazunguka malori na nyundo ndogo.
Wanagonga tairi, wanasikiliza.
Wanagonga la pili, wanasikiliza.
Lililo zima hujibu kwa sauti yake.
Lenye hila hujibu kama mtu ndani ya blanketi.

Mimi nimeshika bahasha ya kaki.
Ndani mna majina kumi na tisa,
na juu yake, kwa wino wa mashine:
WALIO KATIKA HATARI ZAIDI.
Muuguzi Jerotich alinieleza polepole:
hawa wanaomeza dawa kila usiku,
kinga yao ina kazi nyingi,
mlango wa kizazi hubaki bila bawabu.
Waanze mapema, warudi mara kwa mara.
Wengine baadaye. Siki imebaki chupa mbili.

Siki, ndiyo. Ile ile ya kachumbari.
Hupakwa pale, unahesabu dakika,
penye shaka panageuka peupe
kama mvi ya kwanza uliyoonyeshwa na mtu mwingine.

Nilianza kwa Khasandi, muuza mayai ya kuchemsha.
Alisoma kile kichwa juu ya bega langu,
akafunika sufuria.
"Bosibori, ukija kwangu ukaruka kwa Mama Wambaire,
kufikia saa nne mtaa mzima umenihesabia vidonge."
Hakukasirika. Alinipa yai,
na chumvi kwenye kipande cha gazeti.
Nililila nimesimama.

Mwaka juzi niliupita mlango wa Tapsubei.
Niliita heshima.
Nilijiambia nitarudi giza likiingia.
Damu ilimwanza akipalilia mahindi ya watu,
akaificha kwa leso moja, ya pili, ya tatu.
Ile ya tatu tulimzika nayo.
Ilikuwa na maneno pindoni. Siyataji.

Nilimuuliza dereva mmoja wa Malaba
mbona anagonga yote ishirini na mawili
na yote yanaonekana mazima.
Alinitazama kama mtoto.
"Mama, mteremko uko mbele. Huko tairi haliulizwi."

Basi leo nimekunja karatasi, kichwa ndani.
Nagonga kila mlango:
vyumba vinavyokodiwa kwa saa,
nyumba ya mchungaji,
mke wa muuza vipuri, anayenijibu dirishani,
bibi anayesema yake yalishafungwa zamani.
Milango mia moja na arobaini
ili kumi na tisa isionekane.
Siki haitatosha, najua.
Jerotich atanifokea, kisha atume mtu Rongai alete nyingine.
Au asitume.

Kadi zote ni za kijani.
Kumi na tisa nimezikunja pembe, kidogo tu,
Jerotich atazijua kwa kidole gumba
na wenyewe wataitwa kwanza,
kama bahati, kama waliowahi foleni.
Khasandi ameichukua yake kwa mkono wenye chumvi,
akaiangalia ile pembe,
akaniangalia,
akasema, "Alhamisi sipiki."

Ya ishirini nimeikunja mwenyewe jana usiku,
baada ya kumeza changu.
Iko kifuani, chini ya sweta,
imeanza kulowa jasho.
Lori la kwanza linawasha taa.