Eleza Sababu

Jumanne, maktaba ya Greenock, mvua ya ubavu,
ile isiyoanguka bali inakuja kukutafuta.
Senga McIlwraith alikaa bila kuvua koti.
Mezani akaweka barua ya posho ya serikali, kitambulisho,
na mfuko wa plastiki uliopigwa mafundo mawili,
ambao hakuufungua.

Mimi hujaza fomu. Najitolea,
Jumanne na Ijumaa, saa nne hadi saa saba.
Naijua posho inavyotembea:
huingia usiku wa manane kama mgeni mwenye haraka,
kodi ya nyumba imeshamshika mkono mmoja,
mita ya umeme imeshamshika wa pili,
kukicha imebaki harufu yake.

Kwa hiyo upo msaada wa ziada, wa baraza la mji,
kwa waliopungukiwa na vitu vya lazima.
Orodha ipo. Kitanda ni lazima. Jiko ni lazima.
Zulia, inategemea.
Mashine ya kufulia: eleza sababu.

"Imekufa," akasema Senga. "Ilianza kulia Novemba,
ikatema maji jikoni, kisha basi."
Nikaandika: imeharibika.
Kompyuta ikakataa. Maneno hayatoshi.
Ilitaka kujua kwa nini bibi mmoja na mjukuu mmoja
wasifue kwa mikono, au wasiende kule bondeni
kwenye mashine za sarafu,
ambako mzigo mmoja ni chakula cha jioni mbili.

Akanyamaza. Akautazama ule mfuko.
Pua yangu ilikuwa imekwisha nieleza.
Shuka.

Struan ana miaka tisa.
Aliletwa kwake mwaka jana, usiku, na begi la shule tu,
na tangu usiku huo kitanda chake hakijaamka kikavu.
Bibi huzikanyaga shuka bafuni kama mtu apandaye kilima,
kwa maji baridi, maana ya moto yana bei,
kisha huzitundika juu ya milango.
Siku tatu. Nyumba nzima inajua.

"Tukiandika hivyo," nikamwambia, "watakubali upesi.
Mficha uchi hazai."
"Kwani uchi ni wangu?" akauliza.
"Yule mtoto ana rafiki mmoja tu shuleni, Kerr.
Mama yake Kerr anafanya kazi barazani, ghorofa ya pili.
Karatasi hupita mikono mingapi?"

Sikujua. Sijui hadi leo.

Ndipo akavua koti,
akalifunika juu ya mfuko, akanyoosha mgongo.
"Andika ni mimi.
Andika nina sitini na mbili, nimezaa watano,
kibofu kimechoka. Nani atabisha?
Andika kila usiku."

Chini kabisa pana mstari:
Nathibitisha kuwa yote niliyoyaeleza ni kweli.
Kidole changu kilikaa hapo muda mrefu
kuliko inavyoruhusiwa na foleni.
Aibu ya maiti aijuaye mwosha,
na mimi tayari nilikuwa nimelowa hadi viwikoni.
Nikabonyeza.

Mashine ilifika Alhamisi ya pili yake,
vijana wawili, ngazi za ghorofa nne, matusi kila kona.
Siku tatu baadaye ikaja barua:
miadi ya kliniki ya kibofu, tarehe kumi na nne, usikose.
"Nitakwenda," aliniambia Senga.
"Ukishadanganya, uwe na adabu."

Ila barua aliisoma Struan kwanza.
Alisimama nayo jikoni, midomo ikifuata maneno,
mashine ikizungusha shuka zake nyuma yake.
"Hata wewe, bibi?"
"Hata mimi."
Hakusema zaidi. Akala tosti yake.

Usiku ule, alipokwenda kulala,
aliacha taa ya ukumbini inawaka,
mlango wa bibi ukiwa wazi kidogo,
asije akajikwaa akikimbilia choo.
Na Senga, anayehesabu umeme kama tembe za dawa,
akalala akiitazama,
asiinuke kuizima.