Wasengenyaji

Kidonge cha kwanza nilikimeza kwa chai ya ndimu,
Debrecen, theluji ikigeuka matope,
nikaenda kiwandani kuhesabu mikebe ya maziwa
kama nilivyoihesabu miaka ishirini na miwili,
bila kulia, bila kucheka.
Haukuwa msiba.
Lilikuwa tanga lisiloanuliwa.

Daktari Kerekes alinilaza ndani ya mtambo wa sumaku
unaogonga kama fundi bati,
kabla ya dawa, na tena baada ya wiki kumi.
Akatandaza picha mbili mezani.
"Sehemu hii na hii," kalamu ikigusa,
"zilikuwa zikiongea mno. Sasa zimepunguza."

Kumbe!
Kumbe nililea wambea ndani ya fuvu,
wakikaa kikao usiku kucha,
ajenda moja tu: Ibolya.
Alichoropoka Ibolya harusini mwaka ule.
Alivyomwacha mama hospitalini ili awahi basi.
Kikulacho ki nguoni mwako;
changu kilivuka kola, kikapanga kichwani,
na kodi nikalipa mimi.

Sijui kama nimepona.
Kinywa kikavu, jasho la alfajiri,
na hiki kimya: nyakati nyingine nakitegea sikio
kama mjane aliyezoea mkoromo.

Ila jana, tramu namba mbili ilipokata kona,
nilimwona mtoto akilamba dirisha,
analamba, anatazama alama ya ulimi wake, analamba tena.
Nilimwangalia vituo vitatu.
Baadaye sana, nikivua viatu, ndipo nilipojikumbuka.